Kiwanda Kimejengwa, Hakiwaki: Kutafuta Chanzo Katika Kazi za Kabla ya Kuwasha, Nyanda za Juu Kusini

Julai, Mafinga, saa moja asubuhi. Bomba la maji ya kulisha boila tulilifunga jana yake saa kumi jioni likiwa na presha ya jaribio ya bar 15, leo geji inasoma 9. Foromani ameshatuma vijana wawili wenye tochi wapite flanji (viungo vya bomba vinavyokazwa kwa boliti) moja moja kutafuta panapovuja, na mwenye kiwanda ameshapiga simu mara mbili. Hakuna hata tone. Nikaweka kipimajoto kwenye ukuta wa bomba: nyuzi 11. Karatasi ya jaribio ya jana iliandikwa 17. Tukaliacha vilevile, jua likashika, na ilipofika saa tano geji ilikuwa imepanda yenyewe hadi 14 bila mtu kugusa pampu.

Bomba lilikuwa zima. Kibovu kilikuwa ratiba. Aliyeipanga alianzisha jaribio jioni na kulilaza usiku kucha, katika mji ambao Julai mtu analala na blanketi mbili. Tulipoteza nusu siku ya watu wanane kutafuta tundu lisilokuwepo.

Nimeanza na hili kwa sababu ndivyo dalili nyingi zilivyo katika kipindi hiki, yaani kati ya siku kontrakta anaposema ujenzi umekwisha na siku malighafi ya kwanza inapoingia kwenye mashine. Ni kipindi cha kupima presha, kusukutua mabomba, kupima nyaya, kukalibreti vifaa, kuzungusha mota tupu na kukausha boila. Tatizo linaonekana kwenye chuma, chanzo chake kiko kwenye karatasi iliyoandikwa miezi mitatu nyuma, au hakikuandikwa popote. Mifano yangu mingi ni ya kiwanda cha maziwa chenye boila la kuni na mtambo wa kupozea wa amonia, lakini anayewasha kiwanda cha chai Mufindi au cha mafuta ya parachichi Njombe atayakuta mengi ya haya mlangoni kwake.

"Tumefika asilimia 95, lakini hakuna kinachowaka"

Hii ndiyo dalili kubwa kuliko zote na ndiyo inayoleta ugomvi mkubwa kuliko wote. Ripoti ya kila Ijumaa inapanda: 88, 91, 95. Ukizunguka saiti unaona mabomba yamesimama, matangi yanang'aa, paneli ziko ukutani. Ukiuliza ni kipi kinachoweza kuwashwa kesho, kila mtu anaangalia chini. Pampu ya maji iko tayari, kebo yake haijafika. Kompresa ina umeme, bomba lake la hewa limeishia mita 6 kabla ya vali ya kwanza. Boila limekamilika isipokuwa tangi la maji ya kulisha, ambalo bado linachomelewa.

Chanzo ni kwamba mjenzi na mwashaji wanakigawa kiwanda kwa namna mbili tofauti. Mjenzi anajenga kwa eneo: ukumbi wa mapokezi, chumba cha boila, yadi ya matangi. Analipwa kwa tani za chuma na mita za bomba, kwa hiyo anakimbilia vipande virefu vilivyo rahisi na kuacha viunganishi vidogo vyenye karaha. Mwashaji anahitaji mfumo: maji kutoka kisimani hadi bomba la mwisho, pamoja na pampu yake, kebo yake, swichi yake na geji zake, vyote kwa pamoja. Asilimia 95 ya kila eneo inaweza kuwa sifuri ya kila mfumo.

Tiba ni kuchukua michoro ya mabomba na vifaa mapema, ujenzi ukiwa bado kwenye theluthi ya kwanza, na kuipaka rangi. Nasema kuipaka rangi kweli, kwa kalamu, mezani, na foromani wa bomba na wa umeme wakiwa wamekaa hapo hapo. Mfumo wa maji ghafi bluu, hewa ya vifaa kijani, mvuke nyekundu, amonia njano, na kuendelea. Mahali rangi mbili zinapokutana lazima pawe na kitu cha kufungia: vali au flanji inayoweza kuwekewa sahani ya kuziba. Kama hakuna, ndipo utakapokwama baadaye, na kuongeza flanji kwenye mchoro ni kazi ya dakika tano. Kwenye bomba la mvuke lililokwisha kuvikwa sufi na bati ni kazi ya siku mbili.

Kisha upange mifumo kwa kurudi nyuma. Anza na siku maziwa yatakapoingia, halafu uliza: ili hilo liwezekane, kipi lazima kiwe kinafanya kazi? Mfumo wa kuosha mabomba. Huo unahitaji nini? Maji ya moto na hewa ya vifaa. Maji ya moto yanahitaji mvuke, mvuke unahitaji maji yaliyolainishwa, maji yanahitaji pampu, pampu inahitaji umeme. Kwa hiyo umeme ndio wa kwanza kukabidhiwa, kisha maji, hewa, boila, kupozea, kuosha, na mstari wa maziwa wenyewe unakuja mwisho. Mjenzi akipewa orodha hii mapema anaweza kuelekeza watu wake kumalizia chumba cha umeme kabla ya ukumbi wa kupokelea maziwa, ingawa ukumbi ndio ambao mgeni rasmi atauona.

Kwenye mkataba, malipo ya mwisho ya ujenzi yafungwe kwenye mifumo iliyokabidhiwa, wala si kwenye asilimia. Nimeona saiti mbili zinazofanana, moja ilifanya hivyo na nyingine haikufanya. Ya pili ilikaa miezi minne ikiwa kwenye asilimia 97.

Kuna ndugu wa tatizo hili: orodha ya dosari isiyokwisha. Mkaguzi anapita na kuandika vitu 400, kesho yake 430. Zigawe dosari zenyewe. Za kwanza ni zile zinazozuia kuwasha au kuhatarisha mtu, kama vali ya usalama isiyokuwepo, flanji yenye boliti mbili badala ya nne, au kinga iliyokosekana ya kaplingi, pale mota inapoungana na pampu. Za pili zinaweza kumalizwa wakati majaribio yanaendelea. Za tatu ni rangi na vibao. Mfumo usikabidhiwe ukiwa na hata dosari moja ya kundi la kwanza, na usizuiwe kwa sababu ya rangi. Mabishano mengi ya saa nzima nimeona yakiisha kwa swali moja: hii ni ya kundi gani?

Presha haitulii

Ya baridi ya usiku nimeshaieleza. Bomba lililojaa maji na kufungwa halina pa kupumulia, na nyuzi moja tu ya joto inaweza kupunguza au kuongeza bar moja na zaidi. Kwa hiyo jaribio lipangwe asubuhi baada ya bomba na maji kuzoeana joto, lisomwe kwa muda uliowekwa na kanuni unayoifuata (ASME B31.3, kanuni ya Kimarekani ya mabomba ya viwandani, inataka angalau dakika 10, na presha ya mara 1.5 ya ile ya usanifu), ukaguzi wa macho ufanyike, kisha presha ishushwe. Joto la ukuta wa bomba liandikwe pembeni ya kila somo la presha. Usiache bomba limefungwa likiwa na presha ya jaribio juani bila mtu wa kulitazama, kwani kama linavyoshuka usiku ndivyo linavyopanda mchana, na hapo linaweza kupita kipimo.

Kama unapiga pampu ya mkono mapigo mengi na geji inapanda kwa uvivu, kuna hewa ndani. Maji hayabonyei, hewa inabonyea. Rudi kwenye mchoro utazame kama kila kilele cha bomba kina tundu la kutolea hewa. Mara nyingi utakuta kwenye mchoro lipo na kwenye bomba halipo. Hewa hiyo ni hatari pia: bomba likipasuka likiwa na maji matupu, presha inaisha papo hapo, likiwa na hewa, kinachotoka kinaruka kama risasi.

Geji yenyewe iangaliwe. Jaribio la bar 15 kwenye geji ya bar 100 halisomeki, bar 2 zikipotea hutaziona. Geji ya bar 25 au 30 inafaa, mbili kwa pamoja, zote zikiwa na cheti cha kukalibretiwa ambacho hakijapita muda.

Maji yamepita, uchafu umebaki

Dalili: pampu mpya kabisa inaanza kulia baada ya saa mbili, chujio limeziba kwa ncha za elektrodi na mchanga, au vali ya kudhibiti haifungi kwa sababu punje ya chuma imekaa kwenye kiti chake. Mtu atakuambia, "Lakini tulisukutua, bosi." Muulize kwa kasi gani.

Maji yanayotiririka polepole yanaloanisha uchafu tu. Kwenye mabomba ya maziwa tunataka angalau mita 1.5 kwa sekunde, na hesabu yake ipigwe kabla ya siku yenyewe. Bomba la stenlesi la inchi 2 kwa kasi hiyo linameza karibu mita za ujazo 10 kwa saa. Tangi la lita 10,000 linakupa saa moja. Hapo ndipo mpango unapopimwa: una kisima cha kutoa kiasi hicho? Una pampu ya muda? Na maji yakishapita yanaenda wapi?

Swali hilo la mwisho naliuliza kwa sauti kila saiti, kwa sababu wengi hulifikiria siku ambayo mpira umeshaelekezwa kwenye mtaro. Maji ya kwanza ya kusukutua yana mafuta na kutu. Maji ya kusafisha stenlesi kwa asidi ya naitriki ni asidi. Mto Ruaha Mdogo unaanzia kwenye vilima vya Mufindi, unapita Iringa, na watu wanauchota, wanamwagilia nyanya, wanakoshea watoto. Kibali cha kutumia maji na cha kutiririsha majitaka vinaombwa Bodi ya Maji ya Bonde, na viingizwe kwenye ratiba kama kazi yenye muda wake, pamoja na shimo lenye turubai la kutulizia asidi hadi pH irudi kawaida. Haya yakisahauliwa, hasara haimwangukii kontrakta. Inamwangukia mama aliyeko kilomita mbili chini ya mtaro.

Madoa ya kutu kwenye bomba la stenlesi lililofika jipya yana chanzo kimoja kinachonisumbua kila mara: fundi wa chuma cheusi anakata kwa grainda mita 3 kutoka kwenye stenlesi iliyolala wazi. Cheche zinatua, zinakaa, mvua ya kwanza inazigeuza kahawia. Tenganisha eneo la kukatia, funika mabomba, na usitumie brashi ya waya ya chuma cheusi kwenye stenlesi. Na maji ya kisima uliyotumia kupimia presha yapimwe kloraidi kwanza. Wengi huweka kikomo cha 50 ppm (sehemu 50 kwa milioni) kwa stenlesi. Ukimaliza, mwaga na ukaushe siku hiyo hiyo. Maji yaliyolala kwenye bomba wiki tatu yanaanza kulila kabla maziwa hayajafika.

Pampu inazunguka, presha ipo, lakini upande wa pili hakuna kinachotoka? Kabla hujafungua pampu, tafuta sahani ya kuziba iliyosahauliwa baada ya jaribio la presha, au vali ya njia moja iliyofungwa kinyume. Kila sahani iwe na namba iliyogongwa, mkia unaoonekana nje ya flanji uliopakwa rangi nyekundu, na daftari lenye safu tatu: imeingia lini, imetoka lini, nani kasaini. Daftari lisipofunga, mfumo haukabidhiwi.

Vipimo vinadanganya kwa sababu tuko juu

Hapa naomba msomaji akae vizuri, maana mitambo yetu mingi imesanifiwa na watu waliokaa usawa wa bahari, na sisi tunaifunga kwenye mita 1,500 hadi 2,000. Mafinga hewa ina mgandamizo wa karibu bar 0.81 badala ya 1.01. Tofauti hiyo haionekani kwa macho, ila inaingia kwenye kila kifaa.

Kisa kilichonifundisha kilitokea kwenye chumba cha pasteraiza, mashine inayopasha maziwa joto ili kuua vijidudu. Kijana wa vifaa, mwangalifu na mwenye mwandiko safi, alikuwa anahakiki vipimajoto. Alichemsha maji kwenye sufuria, akatumbukiza kihisio, kikasoma 93.8. Akajua kwamba maji huchemka kwa 100, basi akazungusha skrubu ya marekebisho mpaka kioo kikaandika 100.0, akasaini, akaenda kwenye kinachofuata. Alishafanya vinne nilipoingia. Nikamuuliza, "Mdogo wangu, maji ya hapa yanachemka kwa ngapi?" Akanitazama kama mtu anayeulizwa jina lake.

Kwenye miji yetu hii maji huchemka kati ya nyuzi 93 na 95. Kihisio chake kilikuwa sahihi kabisa kabla hajakigusa. Baada ya kukigusa kilikuwa kinaongeza nyuzi 6. Maziwa yanatakiwa yafike nyuzi 72 na kukaa hapo sekunde 15. Kwa vihisio vile, skrini ingeandika 72 na maziwa yangekuwa 66, vali inayorudisha nyuma maziwa yasiyofika joto ingefunguka kuyapitisha mbele, na paketi zingeenda dukani zikiwa na vijidudu hai. Zingenywewa na watoto. Karatasi zote zingekuwa zimesainiwa.

Sikumlaumu, na mpaka leo simlaumu. Utaratibu aliopewa uliandikwa "hakiki kwa maji yanayochemka" bila kusema ni kwa mwinuko upi. Aliyeandika ndiye mwenye kosa. Kwenye mpango wako andika sehemu mbili za kuhakiki: barafu inayoyeyuka, ambayo ni sifuri hapa na Dar es Salaam vilevile, na kipimajoto rejea chenye cheti ndani ya maji ya moto yanayokorogwa. Kuchemka kusitumike kama kipimo cha 100 popote juu ya nyanda hizi.

Dalili nyingine ya familia hiyo: mtambo wa amonia unavutwa hewa kabla ya kujazwa, na geji ya vakyumu ya inchi za zebaki inapanda hadi 24, inagoma. Kitabu cha mtengenezaji kinasema 29. Mafundi watabadilisha mafuta ya pampu ya vakyumu, watakaza flanji zote, watatafuta pa kuvuja kwa siku mbili. Hakuna panapovuja. Hewa ya Mafinga yote ikitolewa ni inchi 24 tu. 29 haipo hapa. Geji ya kawaida inalinganisha na hewa ya nje, kwa hiyo kazi ya vakyumu ipangiwe geji ya elektroniki inayosoma mgandamizo kamili, na iagizwe mapema kwa sababu hutaipata Iringa mjini wala sokoni Mwanjelwa, Mbeya.

Pampu ya kulisha boila inayotoa mlio wa changarawe nayo imo. Maji ya nyuzi 85 yana hamu kubwa ya kugeuka mvuke, na kinachoyazuia ni uzito wa hewa juu ya tangi. Usawa wa bahari uzito huo unabakiza kinga ya karibu mita 4.5 za maji kwenye upande wa kuvutia. Kwetu inabaki karibu mita 2.5. Pampu iliyofungwa kwa mchoro wa pwani inaanza kuchemshia maji tumboni mwake na kutafuna feni yake. Watu hubadilisha beringi, kisha pampu nzima, na mlio unarudi. Inua tangi la kulisha mita 2, au punguza joto la maji na ukubali kutumia dawa zaidi ya kuondoa oksijeni. Mimi naona kuinua tangi ndiyo njia, na wakati wa kuliinua ni kabla stendi yake haijamwagiwa zege.

Na mvuke: geji ikisoma bar 1, usawa wa bahari mvuke una nyuzi 120, hapa una 117. Kidogo, lakini kama mashine yako inadhibiti joto kwa kusoma presha, nyuzi 3 hizo utaziona kwenye bidhaa.

Mota za umeme, kwa upande mwingine, watu huzihofia kupita kiasi. Ni kweli viwango vinazihakikishia nguvu zake hadi mita 1,000 kwenye joto la nyuzi 40, na juu zaidi hewa nyembamba hupoza vibaya. Lakini Mafinga na Njombe mchana haufiki 33 kirahisi, na ubaridi huo hufidia. Linaloumia kweli ni jenereta la dizeli, hasa lisilo na tabo ya kusukumia hewa kwenye injini. Likichaguliwa kwa kibao chake tu, siku ya kuwasha kompresa ya amonia litapiga magoti.

Mota zilipima vizuri, sasa zinapima vibaya

Nyaya na mota zilipimwa mega (kipimo cha kuona kama umeme unavuja kwenye insulesheni) mwezi wa Oktoba, zote zikatoka na mamia ya megaomu. Umeme wa kudumu ukachelewa hadi Februari. Siku ya kuwasha, mota ya feni ya boila inasoma 0.4, chini ya megaomu 1 ambayo ndiyo kikomo cha chini kwenye kipimo cha volti 500. Chanzo ni unyevu. Mvua zetu zinaanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, ukungu wa asubuhi unaingia kwenye kila kisanduku kisichofungwa vizuri, na mota iliyosimama haina joto la kujikausha.

Karatasi ya mega ya Oktoba ni ushahidi wa Oktoba. Mpango useme kila mota ipimwe tena ndani ya siku chache kabla ya kuwashwa, hita za ndani ziunganishwe kwenye umeme wa muda tangu mota ilipofika, na shafti izungushwe kwa mkono kila wiki ili beringi isikalie sehemu moja. Mota iliyolowa ikaushwe polepole kwa joto dogo. Kuiwasha ili ijikaushe ni kuichoma. Na kebo itenganishwe na inveta, kifaa kinachodhibiti kasi ya mota, kabla ya kupiga mega. Nimeona inveta mpya ikifa kwa kosa hilo, na mpya ilitoka Dar es Salaam kwa basi, ikapanda mlima Kitonga usiku, ikafika siku ya tatu. Siku tatu za watu kukaa.

Kipimo cha ardhi, yaani cha waya unaopeleka umeme wa hitilafu na radi ardhini, kina kinyume chake. Ukikipima Machi, udongo umelowa, kinapita. Rudi Oktoba kavu, huenda kisipite. Kipimwe kiangazi, kwa sababu radi za kwanza za Novemba zinakuta udongo bado mkavu.

Vali haitii amri

Asubuhi vali za hewa zinasita, saa nne zinafanya kazi vizuri. Maji kwenye bomba la hewa. Usiku wa baridi unayakamua nje ya hewa ambayo draya haikuikausha vya kutosha. Puliza bomba zima kabla ya kuunganisha vali hata moja, pima kiwango cha umande (joto ambalo hewa hiyo inaanza kutoa maji) mwisho wa mstari, mbali na kompresa, na kumbuka kompresa hapa inameza hewa pungufu kwa karibu moja ya tano, hivyo isiyopumzika kabisa huenda si mbovu, ni ndogo.

Kipimo kinachosoma sifuri kabisa kwenye skrini mara nyingi ni waya zilizopishana. Angalia hilo kabla ya kulaumu programu.

Boila limepasuka matofali

Moto wa kwanza ulikuwa mkubwa mno. Matofali ya moto na saruji yake yana maji, na maji hayo yasipopewa muda wa kutoka polepole hutoka kwa nguvu. Mtengenezaji hutoa jedwali la nyuzi kwa saa. Lifuatwe usiku na mchana, na zamu mbili za watu, na kuni kavu za mkaratusi zilizowekwa chini ya paa tangu kiangazi. Kuni mbichi za Januari haziwezi kushika joto la taratibu: zinafuka, zinazimika, kisha zinalipuka moto. Baada ya hapo ndipo kuchemshia soda ndani ya boila kutoa mafuta ya kiwandani, kisha kuosha.

Boila, tangi la hewa na vyombo vingine vya presha vinakaguliwa na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, kabla ya kutumika. Kwenye ratiba nyingi ukaguzi huo umeandikwa siku moja kabla ya kuwasha. Uandike wiki kadhaa nyuma, na vyeti vya mtengenezaji viwe kwenye faili saiti, kwa sababu mkaguzi atauliza namba iliyogongwa kwenye chuma na kuilinganisha na karatasi, na karatasi ikiwa imebaki kwa wakala, safari yake imekwenda bure.

Mtaalamu amefika, kazi haijaiva

Mtaalamu wa mtengenezaji wa pasteraiza anatoka nje ya nchi, analipwa kwa siku, amepewa siku 5. Anafika, mvuke haupo. Anakaa hotelini siku 3, siku 2 zilizobaki anakimbia, anaondoka na orodha ya vitu ambavyo hakuvijaribu. Kisha kiwanda kinaendeshwa mwaka mzima kwa mipangilio ambayo hakuna aliyeithibitisha.

Usimkatie tiketi kwa tarehe ya ratiba. Mkatie kwa masharti: mvuke umesimama kwenye presha yake kwa saa 24, hewa ya vifaa ina umande unaotakiwa, mabomba yamesukutuliwa na daftari la sahani limefungwa, mota zote zimezungushwa zikiwa hazijaunganishwa na upande wa mzunguko umehakikiwa, saketi za vipimo zimejaribiwa moja moja kutoka kwenye kihisio hadi kwenye skrini, gasketi za akiba ziko stoo. Kila sharti lina jina la mtu na sahihi yake. Ukurasa huo ubandikwe ukutani ofisini saiti, na anayekata tiketi auone kwa macho yake kabla ya kulipa. Mara ya mwisho tulipofanya hivi, sahihi ya hewa ya vifaa ilikosekana siku 9 mfululizo. Mwenye kiwanda alilalamika sana. Siku ya 10 draya ikapona, tiketi ikakatwa, na mtaalamu alipofika aliomba maji ya moto saa mbili asubuhi, akayapata saa mbili na dakika kumi.